Plastiki inayojikunja kwa joto: usiikimbilie, lakini usiicheke



Mwezi huu vijana kadhaa wamenitumia kwenye simu video moja ileile. Kipande cha plastiki laini, kilichochapishwa na mashine, kimelala bapa. Kinawekwa juu ya bamba la moto, kinajikunja chenyewe mpaka kinakuwa kama gurudumu, halafu kinaanza kubingirika. Hakina betri, hakina waya, hakina mota. Na karibu wote wameniuliza swali moja: "Bwana shamba, kitu hiki si kinaweza kutufungulia madirisha ya kitalu nyumba mchana?"

Swali ni zuri, na nimeona nilijibu hapa ili wote tufaidike. Jibu langu kwa kifupi ni hili: wazo la kitu hicho linatufaa sana sisi wa vijijini, tena pengine kuliko wale waliokitengeneza. Lakini kitu chenyewe bado si cha kukitolea pesa yako. Na lile wazo linalokuvutia limeshatengenezewa vifaa vingine vya kizamani, visivyo na sifa mitandaoni, ambavyo unaweza kuvitumia. Nieleze kwa nini nasema hivyo.

KITU CHENYEWE NI NINI

Video hiyo si ya kughushi. Ni kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao wa Caltech huko Marekani, iliyotolewa mwaka 2019. Kipande chenyewe kina urefu wa kama sentimita 8, na lile bamba lililokifanya kijikunje lilikuwa na joto la takriban nyuzi 200. Ishike hiyo namba, tutairudia.

Plastiki hiyo ni aina ya mpira. Wataalamu wanauita elastoma ya fuwele kimiminika. Fuwele kimiminika ni jamii ya vitu vile vinavyoonyesha namba kwenye kioo cha kikokotoo chako cha dukani. Ndani ya mpira huu mna chembe ndogo sana, ndefu na ngumu, kama njiti za kiberiti. Zikiwa zimelala zote kuelekea upande mmoja, mpira unakuwa mrefu. Ukiupasha joto, njiti zile zinavurugika na kuelekea kila upande, na mpira unafupika na kunenepa. Ukipoa, njiti zinajipanga tena na mpira unarudi urefu wake.

Mpira wenyewe si mpya. Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1991, aliandika juu ya wazo lake mwaka 1975. Mjerumani Heino Finkelmann na wenzake wakautengeneza mwaka 1981. Kilichokuja miaka ya karibuni ni namna ya kuuchapisha kwa mashine. Mashine inakamua uji mzito kupitia tundu jembamba, kama mama anayepamba keki kwa mfuko wa sukari. Uji unapopita kwenye tundu, zile njiti zinanyooka zenyewe kufuata mstari, kama ng'ombe wanaopitishwa kwenye kichochoro cha josho: ndani ya kichochoro kila mmoja anaangalia mbele. Halafu mwanga maalumu unamulikwa na uji unaganda na kuwa mpira.

Faida yake ni kwamba mwenye mashine anachagua. Akichora mistari ya kunyooka, kipande kitafupika. Akichora mviringo, kitainuka katikati kama kawa la kufunikia chakula. Akiweka tabaka mbili, moja inayofupika na nyingine isiyofupika, kipande kitapinda. Umbo la kesho limeshaandikwa ndani ya kipande cha leo, na joto ndilo linalolitoa.

UMESHAIONA KAZI HII SHAMBANI

Usidhani haya ni mambo ya maabara peke yake. Chukua ganda la kunde lililokauka mtini. Likishapasuka, kila nusu inajisokota kama skrubu na kurusha mbegu mbali. Sababu ni kwamba nyuzi za ndani ya ganda zimelala mshazari, na tabaka za ganda zinasinyaa kwa kiasi tofauti na kwa mwelekeo tofauti. Hapo hakuna msuli wala mota. Umbo la kujisokota liliwekwa ndani ya ganda tangu likiwa kijani.

Mkulima wa ufuta anaijua hasara ya jambo hili. Ukichelewa kukata, vifuko vinafunguka na mbegu zinaishia chini. Kwa kunde na ufuta kinachofanya kazi ni kukauka, si joto lenyewe, lakini kanuni ni ileile: tabaka zilizoshikana, moja ikisinyaa kuliko mwenzake, lazima kitu kipinde.

Unaweza kuijaribu leo jioni. Tafuta ile karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, yenye upande mmoja mweupe na mmoja wa kung'aa. Kata ukanda mwembamba, ushike kwa koleo juu ya jiko la mkaa, mbali kidogo usiungue. Utaupinda wenyewe kuelekea upande wa karatasi, kwa sababu karatasi inakauka na kusinyaa huku bati lake likitanuka. Waonyeshe na watoto. Ukishaelewa ukanda huo, umeelewa nusu ya ile video.

JOTO LIMEKUWA LIKIFANYA KAZI HII TANGU ZAMANI

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, maana vijana wengi wanadhani kitu kinachojiendesha kwa joto kimeanza na video ile.

Pasi ya umeme nyumbani kwako inatoa mlio wa "tik" ikipata moto wa kutosha, kisha taa inazima. Ndani mna vipande viwili vya chuma tofauti vilivyobanwa pamoja. Kimoja kinatanuka kuliko kingine, vinapinda, vinakata umeme. Vikipoa vinanyooka, umeme unarudi.

Gari la mizigo linalobeba viazi vyako lina themostati kwenye njia ya maji ya injini. Ndani yake mna nta. Maji yakifika nyuzi 80 na kitu, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma kijiti na kufungua njia maji yaende kwenye rejeta. Mafundi wetu wengi wanaing'oa na kuitupa gari likichemsha, jambo linalofanya injini ifanye kazi ikiwa baridi na ile mafuta zaidi. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Mashine za kutotolesha vifaranga za taa ya mafuta ya taa, zilizotumika Ulaya zaidi ya miaka 100 iliyopita, zilikuwa na kidonge bapa cha bati laini kilichojazwa etha. Joto likizidi kidonge kinavimba, kinanyanyua fimbo, fimbo inafungua kifuniko na joto la taa linatoka nje. Mayai yalianguliwa bila umeme wowote.

Na kwa lile swali la madirisha, kipo kifaa cha kufungulia dirisha la kitalu nyumba kinachotumia nta kama ile ya gari. Ni silinda ndogo yenye nta, kijiti na springi. Asubuhi jua likipanda, nta inatanuka, kijiti kinasukuma dirisha. Jioni nta inaganda, springi inalivuta dirisha lifunge. Wakulima wa bustani wa Uingereza wamekuwa nacho kwa miaka mingi na wanakiona cha kawaida kabisa. Hakuna anayekipiga video.

KWA NINI WAZO HILI NI LETU

Sasa niseme ninachokiamini. Kwa kijiji ambacho umeme unakatika au haujafika, kifaa kinachofanya kazi kwa joto lilelile linaloleta tatizo ni bora kuliko kifaa kinachotegemea umeme, bando na mtu wa kukisoma.

Fikiria nyanya ndani ya kitalu nyumba. Joto la mchana likipita nyuzi 32 hivi, chavua ya nyanya inaanza kudhoofika. Likipanda zaidi na kukaa hapo siku kadhaa, maua yanadondoka na unabaki na miti mizuri ya kijani isiyo na matunda. Kitalu kilichofungwa vizuri kinaweza kupita nyuzi 40 saa saba mchana wakati nje ni 30 tu. Kwa hiyo kila siku mtu lazima afungue pembeni asubuhi na afunge jioni. Siku ya msiba, siku ya mnada, siku mtoto anaumwa, hakuna wa kufungua. Hasara nyingi ninazoziona kwenye vitalu hazitokani na wadudu. Zinatokana na mchana mmoja au miwili ambayo mtu hakuwepo.

Kipo kikundi cha vijana ninachokifahamu ambacho kiliuziwa kipima joto cha kisasa kinachotuma ujumbe kwenye simu joto likizidi. Kampuni siitaji. Kifaa kilikuwa kizuri, kilituma ujumbe kweli. Lakini mwenye simu alikuwa mjini, na funguo za kitalu alikuwa nazo mwenyewe mfukoni. Baadaye umeme ulikatika siku mbili, na baada ya hapo laini ya ndani ya kifaa ikaisha salio bila mtu kujua. Maua ya mstari mzima yalidondoka. Kikundi kilikuwa kimelipia kifaa hicho kwa mkopo wa halmashauri, na mkopo hausubiri maua.

Vijana wale hawakukosa akili, na kifaa hakikuwa kibovu. Kasoro ilikuwa kwenye aina ya msaada waliouziwa. Ujumbe wa simu haufungui dirisha. Kuna kifaa kinachokuambia kuna tatizo, na kuna kifaa kinacholiondoa tatizo. Sisi tunauziwa sana vya aina ya kwanza, kwa sababu vinaonekana vya kisasa na vinalipiwa kila mwezi. Tunavyohitaji zaidi ni vya aina ya pili.

Ndiyo maana siicheki ile plastiki. Iko kwenye aina ya pili. Fikiria kipande cha mpira kilichochapishwa kama pazia lenye matundu, kikipata joto matundu yanafunguka, kikipoa yanajifunga. Fikiria banda la vifaranga ambalo pazia lake linapumua lenyewe, maana wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35, na kila wiki unapunguza kama nyuzi 3. Mama anayefuga vifaranga 100 nyuma ya nyumba angelala usiku badala ya kuamka mara tatu kuangalia kama wamerundikana kwa baridi au wamesambaa wanahema kwa joto.

KWA NINI NASEMA BADO USITOE PESA

Pamoja na hayo yote, mtu akija kijijini akikuambia anakuuzia au anakusajili upate plastiki hii kwa ajili ya shamba, mwambie asubiri. Ninazo sababu nne.

Kwanza, joto lake si joto letu. Kumbuka ile namba 200. Aina nyingi za mpira huu zilizochapishwa maabara zinajikunja kwenye joto kali, baadhi karibu na la maji yanayochemka. Watafiti wameweza kuzishusha kwa kubadilisha mchanganyiko, na wanaendelea. Lakini sisi tunahitaji kitu kinacholala kwenye nyuzi 25 na kuamka kabla ya 32. Ni nafasi ndogo, na lazima kiipate kila siku bila kukosea.

Pili, jua na vumbi. Unajua nailoni ya kitalu inavyofanya baada ya misimu michache: inapauka, inakuwa ngumu, inachanika kwenye mikunjo. Kifaa cha kufungua na kufunga kinakunjwa angalau mara moja kila siku, yaani zaidi ya mara 1,000 kwa miaka mitatu, huku kikipigwa na jua, vumbi na dawa za kupulizia. Kupindika vizuri juu ya meza ya maabara si sawa na kupindika mwaka wa tatu huku kwetu.

Tatu, nguvu. Kipande cha sentimita 8 kujibingirisha ni jambo moja. Kunyanyua dirisha la mbao na nailoni wakati upepo unavuma ni jambo jingine. Mpira huu unanyanyua mzigo mkubwa ukilinganisha na uzito wake wenyewe, lakini uzito wake wenyewe ni gramu chache.

Nne, fundi. Kikichanika nani anakitengeneza? Silinda ya nta fundi baiskeli anaweza kuifungua, akaona springi imekatika, akaweka nyingine. Mpira uliochapishwa kwa mpangilio wa njiti zisizoonekana kwa macho hauzibwi na kiraka cha tyubu.

Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba unaturudisha nyuma. Hata simu tuliambiwa si ya wakulima." Nimelisikia hilo na nina jibu. Simu hatukuinunua ikiwa maabara. Tuliinunua ilipokuwa inafanya kazi, ina mtandao, ina chaja dukani na fundi kila kituo cha basi. Vivyo hivyo na sola. Mkulima wa Tanzania si mwoga wa vitu vipya. Anachokataa ni kuwa mtu wa kwanza kupata hasara ya jaribio la mtu mwingine, na ana haki ya kukataa. Tajiri akipoteza jaribio amepoteza jaribio. Wewe ukipoteza msimu umepoteza ada ya mtoto. Wahenga walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

KWA WAFANYABIASHARA: PLASTIKI YA JOTO ILIYOPO TAYARI

Ninyi wenye maduka na mnaofungasha asali, siagi ya karanga au mafuta ya alizeti, plastiki inayobadilika kwa joto mmeshaishika. Ni ile inayovishwa juu ya kifuniko ikiwa pana, kisha inapulizwa hewa ya moto na kubana. Plastiki hiyo ilivutwa kiwandani ikiwa na joto na kupozwa ikiwa imevutwa. Ukiipasha tena inarudi ilikotoka. Tofauti na ule mpira wa Harvard, hii inasafiri mara moja tu na hairudi.

Kuna akina mama wanaifanya kazi hii kwa drayer ya saluni na inatoka vizuri. Lakini nawatahadharisha: kwa hapa Tanzania zilitolewa kanuni za mazingira mwaka 2022 za kudhibiti lakiri za plastiki kwenye vifuniko vya chupa, kwa sababu ya taka zinazoachwa kila mahali. Kabla hujaagiza katoni nzima mjini, pita kwa afisa mazingira wa halmashauri akueleze bidhaa yako iko upande gani wa kanuni. Usinunue kwa sababu muuzaji wa Kariakoo amekuambia "kila mtu anatumia". Mzigo ukikamatwa ni wako, si wake. Kifuniko chenye pete inayokatika mteja anapofungua kinatoa uthibitisho uleule kwamba chupa haijaguswa.

Na kama unauza pembejeo, usikubali kuwa wakala wa kifaa chochote cha "plastiki janja" kabla hujakiona kikifanya kazi kwenye kitalu cha mtu unayemjua kwa msimu mzima. Jina litakaloharibika kijijini ni lako.

MASWALI MATANO YA KUMUULIZA MUUZAJI

Haya yatumie kwa kifaa chochote kinachosemekana kujiendesha kwa joto, iwe nta, chuma au plastiki iliyochapishwa.

1. Kinaanza kufanya kazi kwenye nyuzi ngapi, na kinamaliza kwenye ngapi? Kama hana namba mbili, hajui anachouza.

2. Kikipoa kinarudi chenyewe? Kama hakirudi, ni cha kutumia mara moja, na bei iwe ya kutumia mara moja.

3. Kinanyanyua kilo ngapi? Pima dirisha lako kwa mizani ya mazao. Silinda nyingi za nta za bustani hazipiti kama kilo 7.

4. Kikiharibika kikiwa kimefungwa, naweza kufungua kwa mkono? Hili ni muhimu kuliko yote. Kifaa kinachokunyima kufungua dirisha lako mwenyewe usikiweke.

5. Kimekaa wapi juani kwa mwaka mzima, na naweza kwenda kuona? Picha ya simu si ushahidi.

FANYA HAYA MSIMU HUU

Wakati tukisubiri maabara, joto la kitalu chako halisubiri.

Nunua kipimajoto cha kawaida. Kitundike katikati ya kitalu, usawa wa maua, na ukikinge na jua la moja kwa moja, la sivyo kitapima jua badala ya hewa. Andika joto la saa nne, saa saba na saa kumi kwa wiki mbili. Wengi wetu tunabishana kuhusu joto ambalo hatujawahi kulipima.

Pima matundu ya hewa. Ushauri wa kawaida ni kwamba jumla ya sehemu zinazofunguka iwe kati ya 15 na 25 kwa mia ya eneo la sakafu. Kitalu cha mita 8 kwa 15 ni mita za mraba 120, kwa hiyo unahitaji mita za mraba 18 hadi 30 zinazofunguka. Na baadhi ziwe juu, maana hewa ya moto inapanda. Vitalu vingi ninavyovikuta vimefunguliwa pembeni tu na paa limezibwa kabisa. Kwa kitalu cha namna hiyo hata uletewe plastiki ya Harvard hutapona.

Weka pazia la pembeni la kukunja kwa bomba na mkono wa kuzungushia, mtoto wa darasa la tano aweze kulifungua. Pangeni zamu na mweke funguo mbili kwa watu wawili tofauti.

Ukipata silinda za nta, anza na mbili tu kwenye matundu madogo ya juu, tundu lisizidi uzito ulioandikwa. Zikinge na upepo mkali kwa kamba fupi ya kuzuia dirisha lisipeperuke. Kumbuka haziwahi papo hapo: nta inachukua dakika kadhaa kupata joto na dakika kadhaa kupoa, kwa hiyo zirekebishe zianze mapema. Mara moja kwa mwaka paka mafuta kwenye kijiti. Na usiache pazia la mkono kwa sababu una silinda. Silinda ni ya siku ambayo haupo.

OMBI LANGU KWA WANAOTUSOMA WAKIWA OFISINI

Najua blogu hii inapitiwa pia na watu wa halmashauri na vyuo. Kwao nina neno moja.

CAMARTEC pale Arusha kazi yake ni zana za kilimo na teknolojia za vijijini. SIDO ina ofisi mikoani. SUA ina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Hakuna sababu kijana wa uhandisi asitengeneze silinda ya nta ya kwetu, ya kuanza nyuzi 27, na kuitundika kwenye vitalu vya vikundi kwa mwaka mmoja na kuandika matokeo. Huhitaji mashine ya kuchapisha wala tuzo ya Nobel. Unahitaji bomba, nta, springi na uvumilivu.

Na ikifika siku plastiki ile ikashuka bei na kushuka nyuzi, tutakuwa na watu wanaojua kuipima, na vitalu vyenye kumbukumbu za joto za kulinganishia. Atakayekuja na kifaa atakutana na mkulima mwenye daftari. Mkulima mwenye daftari hauziwi kirahisi.

Kwa sasa, anza na hicho kipimajoto. Ukimaliza wiki mbili za kuandika, niletee namba zako ofisini kwenye kata siku ya Jumatatu au Alhamisi, au ziandike hapa chini, tuangalie pamoja tundu lako la hewa likae wapi.

Kazi njema, na mavuno mema.